Mkono wa Rebeccah Haupendi Kutazamwa

Umande wa mashamba ya Silibwet bado haujakauka kwenye michai, na Rebeccah Chelangat anachuma huku ameangalia barabara. Vidole vyake vya kulia vinakata majani mawili na chipukizi, vinatupa kikapuni mgongoni, vinarudi.

Kisha anautazama mkono. Kidole gumba kinajikunja ndani ya kiganja, cha pili kinanyooka kama kinamshtaki mtu, na kazi inasimama.

"Umeuangalia tena," anasema Janeffer, anayechuma mstari wa pili.

"Sijauangalia."

"Mama Caren, nimekuona. Angalia huku, uniambie vile uliharibu ugali ya harusi ya shemeji yako."

"Haikuharibika. Ni nyinyi mlichelewa kuja kula."

Wanabishana, na kidole kinajifungua chenyewe.

Rebeccah, mwenye miaka hamsini na mbili, amechuma chai tangu usichana wake. Mumewe, Johana, huapa kwamba mkono huo huchuma hata mwenyewe akiwa amelala. "Hii blanketi ilikuwa na manyoya," anasema, akiinyoosha juani. "Na ndevu zangu zilifika hapa." Anaonyesha kitovu. Majirani wanasema Johana hajawahi kuota ndevu.

Lakini tangu mvua ya Aprili, kicheko kimepungua katika nyumba hiyo. Mkono unakamua ng'ombe vizuri, unasonga ugali, unafunga vifungo. Kwenye chai tu ndipo unapokwama.

Bilhah, mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Bomet, anasema kazi iliyorudiwa miaka mingi huachiwa sehemu za ndani na za nyuma za ubongo. Hizo huamuru msuli huu ukaze na mwenzake ulegee, bila mtu kufikiri. Kwa watu wachache amri hizo huvurugika, misuli yote ikakaza pamoja. Hofu huzidisha tatizo.

"Ukibeba ndoo ya maziwa huulizi mguu gani unafuata," anasema. "Ukianza kuuliza, utamwaga."

Amempa Rebeccah mazoezi. Hakumwahidi kupona.

Na Ijumaa inakaribia. Zacheus, mwenye shamba, amenunua mashine ya kuchuma. Atabakiza wachumaji watatu tu, wa kule mteremkoni ambako mashine haifiki, na siku hiyo atawachagua mwenyewe, akiwatazama wakichuma.

"Rebeccah ni mtu wa kazi," anasema Zacheus. "Lakini siwezi kulipa mkono umesimama."

Zacheus ana desturi ya kusimama karibu, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya mtu.

"Hiyo ndiyo inanimaliza," anasema Rebeccah. "Kuchuma najua. Ni kutazamwa. Akiuangalia, na mimi nitauangalia." Binti yake, Caren, amebakisha mwaka mmoja chuoni Kericho, na karo yote imetoka kwenye kikapu hicho. Siku hizi Rebeccah hali chakula vizuri. Hata kanisani huukalia mkono huo.

Mpango alio nao ni mmoja. Ijumaa Janeffer atachuma kando yake na kumchokoza mpaka asahau kwamba Zacheus yupo.

"Nimemwambia aniwekee maneno mabaya kabisa," anasema Rebeccah. "Na asiniambie mapema."

"Iko tayari," anasema Janeffer bila kuinua kichwa. "Ni kitu Johana alisema pale sokoni juu yako."

Rebeccah anageuka. "Alisema nini?"

"Ijumaa."

 Rebeccah anamkazia Janeffer macho, amekasirika kwelikweli. Huku chini vidole vinakata, vinatupa, vinarudi, na hakuna anayevitazama.