Kishungi Cheupe cha Mélanie

Ukimtaka Mélanie pale kambi ya wakimbizi ya Kalobeyei, ulizia tu yule msusi Mkongomani anayecheka sana. Ana mkono mwepesi, na mdomo wake haujui likizo. Vichwa vya kina mama wa kambi karibu wote vimepita mapajani mwake. Kichwa chake mwenyewe sasa, nani amekiona? Kilemba kutwa, na ndani ya kilemba ni piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Alizaliwa na kishungi cha nywele nyeupe pe! juu ya paji la uso, na shangazi aliyemlea akamfundisha kukipaka piko mapema, maana watu hawakawii kumwita mtu mchawi. Hata mumewe Namuar, mwendesha bodaboda wa kijiji cha Lopur, alimwoa bila kujua.

Basi wakajaliwa binti, Akoru. Akatoka na kishungi kile kile, tena na baka jeupe kwenye paji na jingine tumboni. Mélanie alipomwona, roho ikamruka. Akakaza kilemba chake kichwani.

Mama mkwe, Asekon, akaja na kibuyu cha maziwa. "Ejok," akamsalimu kwa lugha ya kwao, "mtoto wangu." Akafunua shuka amwone mjukuu, akarudi nyuma kama aliyeungua. Mélanie akajua mambo yameisha: nafukuzwa. Kumbe wapi! Wakati wa mimba, Asekon alikuwa amemletea mkwewe mbuzi wa kuchinja apate nguvu, na katika zizi zima akachagua yule aliyempenda kuliko wote, mweusi mwenye paji jeupe.

"Mbuzi yangu ndio imeharibu mtoto," alisema mama wa watu.

Tangu hapo hakumgusa Akoru. Aliiogopa mikono yake mwenyewe, asije akamwongezea mabaya. Alikuja, akakaa mlangoni, akamtazama mtoto kwa mbali, akaondoka akifuta machozi. Na Mélanie? Jamani, hofu ni kitu kibaya. Alimwacha mbuzi wa watu asingiziwe, na bibi alie.

Namuar aliogopa ni ugonjwa, akawapeleka wote mjini Lodwar kwa daktari wa ngozi, Daktari Abei. Daktari akamgeuza mtoto huku na huku, akatabasamu.

"Hapa hakuna ukoma, wala haiambukizi. Nani mwingine kwenu yuko hivi?"

Asekon akasimama akiegemea fimbo yake. "Daktari, kosa ni yangu. Mimi nilimpea mbuzi."

Mélanie alimtazama yule mama aliyesimama kubeba lawama isiyo yake mbele ya mgeni. Moyo ulimuuma, haki ya Mungu. Akafungua kilemba. Piko hakuwa ameligusa tangu ajifungue, na shina la kile kishungi lilikuwa limetoka jeupe, kila mtu analiona.

"Ni mimi, mama," alisema akilia. "Nimezaliwa nayo. Niliogopa mutanifukuza."

Namuar akanyoosha mkono akakigusa kile kishungi. Daktari akaeleza polepole. Kuna jeni iitwayo KIT, na mara nyingi hali hii hutokana nayo. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya chembe za rangi, nayo huzifanyia kazi ya sikio. Mtoto akiwa tumboni, chembe hizo husafiri kutoka mgongoni zikielekea mbele. Sikio likiwa na kasoro, hazisikii wito, na nyingine hazifiki kwenye paji wala tumboni. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumrithisha mwanawe. Jua la huku tu ndilo la kumkinga nalo.

"Kwa hivyo mbuzi yangu haina makosa?" Asekon akauliza.

"Hana kosa lolote, mama."

Loo! Alicheka yule mama mpaka akakaa chini. Kisha akanyoosha mikono, na Mélanie akamwekea Akoru mapajani. Akamnusa, akamshika vidole kimoja kimoja, wala hakutaka kumrudisha hata alipolilia kunyonya.

Siku ya kumpeleka mtoto Lopur kwa kina baba yake, Mélanie alitaka kufunga kilemba, Asekon akakikunja akakikalia. Majirani wakaja, wakamtazama mtoto, wakatazamana. Mmoja akajitia ujasiri akauliza, huyu amekuwaje?

Asekon akamjibu bila hata kugeuza kichwa.

"Amefanana na mama yake. Kwani mlitaka afanane na nani?"

Mélanie alimwegemea begani, kichwa wazi, akilia mbele za watu wote.