Mshona Magunia Aandika Kitabu, Mtaa Mzima Wajitafuta Ndani Yake

Saa moja na nusu asubuhi, Hermenegildi anapiga goti mbele ya gunia la mchele, anabana mdomo wa gunia kwa mkono wa kushoto na kupitisha sindano ndefu yenye uzi wa katani. Mishono kumi na miwili, fundo, gunia jingine. Mfukoni mwa kaptula yake kuna daftari lililokunjwa, na wenzake wanalitazama hilo kuliko kazi yao.

"Bwana mwandishi, mimi niko ukurasa wa ngapi?" anauliza Fulgensi, mpima mizani, ili wote wasikie.

"Wewe humo kabisa, kaka."

"Ndivyo ulivyomwambia na dada yangu. Kama hakuna mtu ndani, madaftari manne umeyajaza nini? Pumba?"

Wanacheka. Lakini Hermenegildi anaposogea kunywa maji, wawili waliokuwa wakizungumza mtungini wananyamaza.

Ana miaka ishirini na tatu. Hushona magunia sitini kwa siku katika kiwanda kimoja cha kukoboa mpunga hapa Ifakara, na kwa miaka miwili amekuwa akiandika riwaya juu ya kijana aliyeugua akili akapona. Wapo wanaosema ni orodha ya watu itakayopelekwa serikalini. Wapo wanaosema kichaa kimerudi, safari hii kimejificha kwenye penseli. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma ukurasa mmoja!

Hermenegildi anamwogopa mtu mmoja tu: baba yake mdogo, Kelestini. Mzee ameapa kwamba kitabu hakiendi kwa wapiga chapa kabla hajakisikia. Akikuta ametukanwa, madaftari yanaingia motoni jikoni.

"Ndiye aliyenilea," anasema Hermenegildi. "Nikikitoa kwa kumzunguka, nitakuwa nimekiiba."

Mzee ana sababu ya kushuku. Mwaka 1950, akiwa na miaka kumi na sita, Hermenegildi mwenyewe aliugua. Alisikia sauti zikimtukana kutwa. Familia ilikuwa imehamia shambani bondeni, kama wafanyavyo wote mpunga unapobeba, naye akawekwa juu ya dungu, jukwaa la miti, kuamia ndege wasile mpunga. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba zilizofungwa makopo matupu, makopo yalie, ndege waruke.

"Makopo yakilia, sauti zilipungua," anasema. "Basi nikavuta hata ndege wasipokuwepo."

Majirani walisikia kelele juu ya shamba lisilo na ndege, wakaamua kichaa kimezidi. Kelestini akapanda dungu na panga, akakata kamba zote. Sauti zikarudi kwa nguvu, na siku ya tatu kijana alikutwa mtoni, maji yakimfika kifuani.

Mama yake mdogo, Apolonia, mke wa Kelestini, alikaa naye karibu mwaka mzima. Alimpa kazi moja moja: pepeta hiki, sasa kile. Kila jioni alimwambia aandike yale ambayo sauti zimesema. Kurasa zikapungua, zikawa mistari. Siku moja hakuwa na la kuandika.

Jumapili baada ya misa, Hermenegildi anafungua daftari mbele ya mzee. Kelestini anamtazama kwanza mwandishi wa habari hizi.

"Na wewe, kijana, unaandika nini? Mmoja hakutosha?"

Hermenegildi anaanza kusoma. Anapofika mahali ambapo mzee anakata kamba kwa hasira, Kelestini anainua mkono.

"Hapo umeongopa."

"Kwani hukuzikata, Baba mdogo?"

"Nilizikata. Hasira umeitoa wapi? Nilitetemeka mpaka panga likanikata mimi. Tazama." Anaonyesha kidole kisicho na ncha. "Kaka yangu alikufa akaniachia mtoto mmoja. Nilidhani unaziita hizo sauti. Kumbe unazifukuza?"

"Nilikuwa nazifukuza."

"Baba yako mdogo alilia njia nzima kutoka dunguni," anasema Apolonia kutoka jikoni.

"Nyamaza, wewe mwanamke!"

"Mbona hukuniambia, Baba mdogo?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kitabu hakitapelekwa mwezi huu. Hermenegildi amenunua daftari la tano. Anataka kuiandika upya sura ile, na kila Jumapili atakaa na mzee asimulie jinsi hofu ilivyokuwa upande wake. Akimaliza, atayapeleka madaftari yote kwa wapiga chapa yeye mwenyewe.

Kelestini amekubali, ila ametoa sharti.

"Uandike Kelestini, herufi zote. Wasije wakadhani ni mwingine."