Siku ya Mazishi Tulifanya Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Buffalo, Marekani, nilikabidhiwa koti la njano linalong'aa na karatasi ya majina, nikaambiwa nisimame mlangoni kwenye theluji nihesabu watoto wanaoshuka kwenye mabasi. Mimi, niliyefundisha miaka kumi na mitatu milimani Kivu ya Kusini, watoto sitini darasa moja! Nilinuna waziwazi. Msimamizi wa Mlango, mama mmoja asiyejua kucheka, akaniambia kwamba hapa kazi zote huanza na kujua nani yupo na nani hayupo. Siku ile nilimdharau.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnajua shule ya mkataba ni nini, lakini wazazi wenu wengi hawajui, basi waelezeni hivi. Ni shule ya umma, haina ada, ila haiko chini ya ofisi ya elimu ya mji. Bodi yake hupewa mkataba wa miaka michache. Mkataba ukiisha, wakaguzi wanatazama matokeo. Wakiridhika wanauongeza, wasiporidhika mlango unafungwa na watoto wanatawanywa. Kila aliyefanya kazi humo amelala na hofu hiyo.

Nilikaa Buffalo miaka sita, nikapanda kutoka mlangoni hadi msaidizi wa darasa. Mwalimu Mkuu wa huko, mzee mwenye kikohozi, ndiye aliyenifundisha kusoma matokeo. Kuna alama ya ufaulu, inayoonyesha ni watoto wangapi wamefikia kiwango cha darasa lao. Kuna pia alama ya maendeleo, inayoonyesha kila mtoto amesogea kiasi gani tangu mwaka jana. "Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ataanguka ya kwanza," aliniambia. "Ya pili ndiyo haki yake. Usikubali aikose." Nilipohamia Columbus na kupewa cheo cha Afisa wa Familia, niliyashika maneno hayo.

Shule ya Columbus ilikuwa ya msingi, jengo la zamani lililokuwa duka la samani. Watoto wake walikuwa Wamarekani weusi wa mtaa ule, Wasomali wachache, Warundi, na kundi kubwa la watoto wetu wa milimani, ambao wazazi wao walifanya kazi maghalani na viwandani kwa zamu. Nyumbani mama anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na bado kusoma Kiingereza cha kitabu kunamshinda. Ufaulu wetu ulikuwa wa aibu, sifichi. Maendeleo yetu yalikuwa mazuri kuliko shule nyingi zilizotucheka.

Ulipofika mwaka wa kuongeza mkataba, Mkurugenzi, mama mrefu aliyezoea kutembea haraka, alituita wote akasema maendeleo ndiyo yatakayotuokoa. Kulikuwa na sharti moja: karibu kila mtoto lazima aufanye mtihani wa jimbo. Asiyefanya huhesabiwa sifuri, na sifuri zikizidi, hakuna maendeleo ya kuonyesha. Bon, basi, wiki ya kwanza ya mtihani kompyuta zikakwama. Tukabakiwa na siku mbili za mwisho, Alhamisi kusoma, Ijumaa hesabu, na baada ya hapo mlango wa mtihani unafungwa jimbo zima.

Jumapili ya wiki hiyo hiyo yaya Raheli, dada yangu mkubwa, akafariki Louisville, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari.

Yaya ndiye aliyezipokea familia zetu nyingi kambini, akawapa unga kabla hawajapata kadi za chakula. Kwetu watu huzikana. Mtu akifa, huendi siku ya kaburi tu ukarudi. Unakaa kilio, mnalala sakafuni, mnapika pamoja, mnaomba, mpaka wafiwa waseme basi. Kufika Jumatatu jioni, familia za Columbus zilikuwa zimejaza magari zikateremka Louisville na watoto wao wote. Kaburi lilipatikana Ijumaa asubuhi. Jumamosi makaburini hapakuwa na nafasi.

Jumatano mchana Mkurugenzi akanipigia. Nilikuwa jikoni kwa shemeji, mume wa yaya, mtaa wa South End, namenya ndizi. Alinipa pole kwa heshima. "Siwezi kukuomba lolote," akasema. "Lakini lazima ujue. Bila watoto walioko huko, shule imekwisha."

Alijua, na mimi nilijua, kwamba hata mimi nilihitajika. Nilikuwa mkalimani pekee niliyeruhusiwa kuwasomea watoto maswali ya hesabu kwa Kiswahili. Nilikaa na kisu mkononi, nikiwa na hasira na simu, na Mkurugenzi, na mtu aliyepanga tarehe. Nilimkasirikia hata yaya. Mungu anisamehe.

Nikaenda sebuleni. Wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisa, wanawake kwenye mikeka, shemeji katikati, hajanyoa. Nilipiga magoti mbele yake, nikaeleza habari yote, mkataba, sharti, siku mbili. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kusikia mfiwa anafukuza watu kilio cha dada yake.

Kisha baba mmoja, mfanyakazi wa ghala mwenye watoto wanne shuleni kwetu, akaniuliza swali nililokuwa naliogopa. "Na ule mujukuu wa marehemu, naye atarudi?"

Alimaanisha Divine, mtoto wa mpwa wangu, darasa la nne shuleni kwetu. Alikuwa amejilaza kwenye mapaja ya mama yake, macho yamevimba. Nikimwacha wa kwetu kilioni, nani atamwondoa wake? Nilisema, "Atarudi. Nitamubeba mwenyewe." Mpwa wangu aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. Shemeji alitikisa mkono tu kuelekea mlangoni, na watu wakaanza kukunja mikeka.

Tulirudi Columbus jioni ile, magari tisa yakifuatana. Divine alikaa nyuma yangu na hakulia tena, jambo lililonitisha zaidi.

Ijumaa saa nne, saa ya kaburi, nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nasoma swali la mikate iliyogawanywa kwa familia tatu. Sheria hairuhusu msimamizi kusema neno lisilo la mtihani, wala kumgusa mtoto. Divine aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akaniangalia, akarudisha macho kwenye kompyuta. Hakubonyeza kitu. Nilisoma swali lililofuata. Mpaka mwisho hakubonyeza kitu, na kwa kuwa alikaa mbele ya kompyuta, sheria ikamhesabu ameshiriki.

Mkataba uliongezwa. Mkurugenzi alinikumbatia ukumbini mbele ya wote, na walimu wakapiga makofi. Watoto waliendelea, wengine leo ni wauguzi na mafundi, na nikiwaona najua nilifanya kazi. Mnaniuliza kama ningefanya vile tena. Wazee wenzangu hujibu maswali hayo upesi. Mimi ninachowaambia ni hiki tu: siku mtakapoambiwa mchague, msijidanganye kwamba mmechagua kitu kisicho na uzito.

Nilipostaafu nilihamia Louisville, karibu na shemeji. Tunasalimiana, tunakwenda kanisani kwa gari moja, na habari ya wiki ile hatujawahi kuigusa. Divine sasa anasoma chuo. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akanywa chai, akazungusha kikombe mezani muda mrefu, kisha akaniomba nimsimulie mazishi ya bibi yake: nani aliomba, nani alitupa udongo wa kwanza. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama amejizoeza njiani.

Mimi pia sikuwepo.

Tukavaa makoti tukaenda nyumba ya pili kwa shemeji. Divine akarudia swali lake. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akazima televisheni.

"Bon, ikaleni," alisema, akituonyesha viti. "Tulikuwa watu kidogo sana."