Ndoo ya Mama Zainabu

"Huyu? Mwenye miguu kama mabua ya mtama? Hata ndoo moja hataifikisha mlangoni kwangu." Ndivyo jirani yetu Mama Zainabu alivyosema juu yangu, mbele ya kitongoji kizima, siku moja baada ya nyumba yetu kuungua. Watu walicheka. Nilikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo wengi wamesema kwamba sitaweza. Walisema sitamaliza shule, nikamaliza. Walisema chuo si cha watoto wa huku kwetu, nikarudi na stashahada ya ufundi wa maji, ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Walisema nikishazoea miji ya watu sitarudi Newala, nami nimerudi, nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake nimeweka tanki la maji ya mvua ambalo watu hulionyesha wageni. Sioni sababu ya kuyaficha haya. Lakini kila mwaka watu wanapoanza kuchoma majani makavu ya mikorosho, na ule moshi wake wenye mafuta unaokwama kooni ukanifikia nikiwa kibarazani, stashahada hainisaidii kitu. Ninakuwa tena na miaka kumi, nimeshika kipande cha nondo, ninapiga chuma na hakuna anayekuja.

Kitongoji chetu kilikuwa pembeni ya Chilangala, juu kabisa, mahali ambapo mchanga ni mwekundu na mwepesi na mvua ikinyesha huzama yote bila kuacha hata dimbwi. Maji yalikuwa bondeni. Mashine ya kuyasukuma ilipokuwa mbovu, na mwaka ule ilikaa mbovu msimu mzima, wanawake waliamka kabla ya jogoo, wakateremka kwa njia ya mawe iliyokuwa nyembamba kama mshipi, wakachota kisimani, wakapanda tena jua likiwa limeshawaka migongoni. Ndoo moja ilikuwa asubuhi nzima ya mtu. Kwetu maji hayakumwagwa ovyo. Maji ya kuoshea mchicha yalitumika kunawia miguu, na yaliyotumika kunawia miguu yalipewa bata. Na wakati huohuo wa ukame ndipo watu walipofagia chini ya mikorosho kabla ya mavuno, wakakusanya majani, wakayachoma. Vijana nao waliwasha nyasi maporini ili panya watoke mashimoni wawakamate. Saa za alasiri upepo wa kusi uliamka, na moto wa mtu mmoja ukawa wa kila mtu.

Baba yangu ndiye aliyeanzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Hakikuwa na gari wala sare. Kilikuwa na majembe, makoleo, matawi mabichi ya kupigia miali, na ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti mkavu mbele ya kibanda cha kupimia korosho. Ringi ikilia, wanaume walikimbilia kwenye moshi kukata nyasi na kutupia mchanga, wanawake walipeleka maji kama ni nyumba inayoungua. Watu waliwapa jina, Zimamoto wa Mchanga, na walilitamka huku wakibana pua. Nakumbuka mkutano wa kwanza, maana nilikaa chini karibu na miguu ya Baba. Mama Zainabu alisimama, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyofika kila kona.

"Baba Asteria, nikuulize. Paa lako likishika moto, mimi nikamwaga juu yake maji yangu ya kunywa, watoto wangu wanywe nini? Wanywe asante?"

Watu waliangua kicheko. Baba alingoja kitulie. "Wanywe maji. Yatarudi, Mama Zainabu. Ndoo kwa ndoo, kutoka bondeni, kwa kichwa cha watu wa nyumba iliyookolewa."

"Hata kichwa cha mwanamume?"

"Hata cha mwanamume."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, lakini walikubaliana. Wakaongeza kwamba mtu akirudishiwa maji yake, ataipindua ndoo mlangoni, mdomo chini, ili wote wapitao waone kwamba deni limekwisha.

Baada ya hapo ulikuja msimu ambao sikumbuki kuwahi kulala mchana bila woga. Kila alasiri, upepo ulipoanza kuchezea nyasi za paa, Mama aliacha anachofanya na kunusa hewa. Nami nilijifunza kunusa. Nilijifunza kutofautisha moshi wa jikoni na moshi wa shamba, na moshi wa shamba uliotulia na ule unaotembea. Ringi ilipolia, Baba aliinuka hata kama tonge lilikuwa mkononi, akachukua koleo, akaondoka bila kuaga. Sisi tulibaki tukihesabu kimyakimya nani amerudi kabla yake. Alirudi mweusi, nyusi zimeungua, ananuka majani mabichi yaliyochomwa, akikohoa kwa namna iliyonifanya niombe Mungu kimoyomoyo kwamba kesho kusiwe na upepo. Kesho upepo ulikuwepo.

Siku yetu ilipofika, Baba hakuwepo. Kikosi kilikuwa kimeitwa kwenye mashamba ya mikorosho upande wa mashariki, na sheria yao ilikuwa kwamba hawaondoki mpaka kaa la mwisho lifukiwe. Dada yangu Asteria alikuwa shuleni Lukuledi. Nyumbani tulikuwa Mama, mimi, na Bibi aliyemzaa Baba, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na hakuwa ametoka kitandani tangu mavuno ya mihogo. Niliisikia sauti kwanza, mlio kama wa mtu anayevunja vijiti vingi kwa pamoja. Kisha panya wakaanza kukatiza uwanjani, wakubwa kwa wadogo, wakapita karibu na miguu yangu bila kunijali. Nilipoinua macho, nyasi nyuma ya shamba letu la mihogo zilikuwa zinawaka, na ulimi mmoja wa moto ulikuwa umeshafika kwenye paa la jiko.

"Ringi!" Mama alinipigia kelele. "Kapige ringi, nami nimtoe Bibi!" Nilikimbia. Nilichukua kipande cha nondo kilichofungwa kwenye mti kwa kamba, nikapiga. Nikapiga tena. Sauti ilienda na kurudi na hakuna mtu aliyejitokeza. Niliwaona watu milangoni mwao, na ingawa nilikuwa mtoto nilielewa walichokuwa wanakitazama. Hawakutazama nyumba yetu. Walitazama mapaa yao wenyewe, yote ya nyasi, yote makavu, na cheche zilizokuwa zikiruka juu yake. Ndani ya kila nyumba kulikuwa na ndoo moja au mbili. Ukiimwaga kwa jirani, paa lako linabaki na nini? Nilipiga mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Nyuma yangu nilimsikia Bibi akiliita jina la Baba, mara moja, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniamsha mpaka leo.

Halafu wakaja. Mama Zainabu alikuwa wa kwanza, ndoo kichwani, shingo imenyooka, mikono imening'inia. Nyuma yake wanawake wengine, mmoja baada ya mwingine, kwenye njia ileile nyembamba. Walikuwa wanatembea! Moto ulikuwa umelishika paa la nyumba kubwa, Mama alikuwa ndani, na wao walikuwa wanatembea, kwa hatua ndefu, bila neno, macho mbele. Niliwakimbilia nikilia. "Kimbieni! Mama Zainabu, kimbieni!" Hakunitazama. Alisema kwa meno yaliyobanwa, bila kugeuza shingo, "Nikikimbia nitakuletea ndoo tupu. Nipishe." Sijawahi kuona woga unaofanana na ule, wa watu wanaotaka kukimbia na wanajizuia. Nilipitwa nao wote, na hakuna tone lililoanguka mchangani.

Ndoo ya Mama Zainabu haikuenda juu ya paa. Aliimwaga kwenye mlango uliokuwa unawaka, mlango ukafuka mvuke, naye akaingia ndani ya ule mvuke na kutoka na miguu ya Bibi mikononi, Mama ameshika mabega. Mguu wa Mama wa kushoto ulikuwa umeungua mpaka kifundoni. Bibi alikuwa anapumua. Waliobaki walimwaga maji yao kwenye kuta na kwenye nyasi zilizokuwa zinaelekea kwa majirani, ndoo baada ya ndoo, mpaka kikosi kilipofika na kumalizia kwa mchanga. Jiko lilikwisha, paa lilikwisha. Nyumba nyingine hata moja haikuungua. Jioni ile nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kabla, watoto kila upande wakilia kiu, na mama zao wakiwaambia wamumunye muhogo mbichi wangoje asubuhi.

Ndiyo maana kesho yake, watu walipokuja kutupa pole, na Baba akasema maji yatarudi kama tulivyokubaliana, nilisimama nikasema mimi nitabeba. Mama hakuweza kukanyaga. Baba alasiri zote alikuwa kwenye moto. Na hapo ndipo Mama Zainabu, nywele za mbele zimeungua, aliponipima kutoka juu mpaka chini na kusema yale niliyoyaeleza mwanzo. Sikumchukia kwa kunitukana. Nilimchukia kwa sababu nilidhani anasema kweli.

Nilibeba. Siku ya kwanza nilianguka kwenye mawe, nikarudi na ndoo tupu na goti lililochanika. Mama aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mguu umepakwa asali, aliniambia nipumzike, kesho nibebe nusu. Nikabeba nusu mara mbili ili iwe ndoo moja. Njia ile ilinitisha kuliko moto, maana upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni hewa, na mzigo wa maji una akili zake, ukiinama nao unainama. Baba alibeba alfajiri, ngata kichwani, na wanaume walipompigia miluzi aliwapungia mkono. Mama ndiye aliyewakumbuka wote waliotoa. Aliwataja kwa mpangilio kama anayesali rozari, akaanza na wenye watoto wachanga, akamweka Mama Zainabu mwisho kwa sababu bintiye Zainabu alikuwa mkubwa na aliweza kuwachotea. Mvua zilipoanza, watu walisema basi, imetosha, kila mtu anakinga ya kwake. Mama alikataa. "Walimwaga maji ya bondeni. Yatarudi ya bondeni." Mlango mmoja baada ya mwingine, ndoo zikapinduliwa.

Alibaki Mama Zainabu peke yake. Asubuhi niliyokwenda na ndoo yake, imejaa, ya kwanza ambayo sikuipumzisha popote njiani, nilikuta mlango umefungwa kwa waya. Macho yalikuwa yamemsumbua tangu siku ile ya mvuke, na Zainabu alikuwa amempeleka Masasi kutibiwa. Hakurudi. Zainabu aliolewa hukohuko Masasi, mtaa wa Mkomaindo, akakaa na mama yake. Nilimimina yale maji kwenye mtungi wetu, na hakuna aliyenilaumu, lakini neno lake lilibaki limesimama. Nilikuwa nimefikisha ndoo kwa kila mtu isipokuwa kwa yule aliyesema sitafikisha.

Niliporudi kutoka huko nilikokuwa, nilikuta kitongoji kimebadilika. Mapaa mengi ni ya bati. Baadhi ya nyumba zina bomba, na siku mashine inapofanya kazi bomba hutoa maji. Kila mtu ana simu. Lakini majani ya mikorosho ni yaleyale na upepo ni uleule, na gari la zimamoto, hata likiitwa mapema, lina safari ndefu. Nilipotangaza kwamba nakifufua kikosi cha Baba, waliniambia vijana wa siku hizi hawafanyi kazi bila posho. Sasa nina kikosi, na ninasema wazi kwamba hakuna kingine kama hicho upande wetu. Wana mabuti, wana mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia maji, wanafunguliwa tanki langu wakati wowote. Ile ringi nimeitundika kwenye uzio wangu kwa sababu mtandao nao hupotea. Sheria ya ndoo nimeirudisha kama ilivyokuwa, na aliyechukua maji ya jirani kuokoa nyumba yake huyarudisha kwa kichwa chake. Vijana waliniuliza kwa dhihaka kama mimi, mwenyekiti wao, nimemaliza ndoo za kwetu.

Asubuhi iliyofuata niliteremka bondeni kabla ya jogoo. Njia ilikuwa fupi kuliko nilivyoikumbuka na mawe yake makali kuliko nilivyoyakumbuka. Nilipanda na ndoo kichwani, mtu mzima mwenye kitambi na stashahada, na wanawake niliopishana nao walijifunika midomo kwa kanga. Niliifunga kwa mfuniko, nikaipakata kwenye gari mpaka Masasi, nikimuuliza dereva kwenye kila shimo kama ni lazima apite hapo.

Mkomaindo, nyumba ya Zainabu ina bomba uwanjani. Mama Zainabu alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka, amekuwa mdogo, macho yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mtoto wa Mama Asteria. Wa miguu ya mabua ya mtama. Nimeleta maji yako."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha alinyoosha mkono, nikamsogezea ndoo, nikafungua mfuniko. Aliingiza vidole taratibu, akapapasa ukingo mpaka alipoyagusa maji, akaguna.

"Imepungua. Ulikimbia wewe."

"Barabara hiyo, Bibi, si mimi."

"Sisi hatukukimbia."

"Hamkukimbia," nikasema.

Alichota kwa kiganja, akanywa, akakaa nayo mdomoni kabla ya kumeza. Alimwita Zainabu alete mtungi, akasimamia mpaka tone la mwisho likamiminwa. Halafu aliichukua ndoo yeye mwenyewe, akatafuta kizingiti kwa mguu, akaipindua mdomo chini mahali ambapo kila mpita njia angeiona, akaikalia.