Kahawa Mbivu kwa Kidole Gumba

Nyumbani kwetu, kijijini Ruanda, kahawa ikiiva kila mtoto alipewa safu yake ya kuchuma. Mimi nilinyang'anywa yangu. Mama alimwaga kapu langu juu ya turubai, na dada yangu akaanza kucheka hata kabla hajamaliza. Mbivu na mbichi zilikuwa zimechanganyika, na mbichi huharibu ladha ya gunia zima.

"We mdogo wangu, unachuma kama ng'ombe anavyokula!"

"Basi akachunge," baba akasema. "Wataelewana."

Hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe, kwamba nyekundu waliyoiona wao, kwangu mimi ilizama kwenye majani. Nilidhani wenzangu wana bidii ya macho kunizidi. Nikachunga, huku nyimbo zao zikinifikia kutoka kwenye mibuni, na kila wimbo uliniuma.

Nilipofika kidato cha tano, mwalimu wa biolojia alitufundisha macho ya mamalia. Ng'ombe, mbwa, panya, alisema, hawatofautishi nyekundu na kijani. Zamani sana, mababu wa nyani na wetu nao walikuwa hivyo hivyo. Kisha jeni moja ya kuona rangi ikajinakili, nakala mbili zikakaa bega kwa bega. Moja ikaendelea na kazi ya zamani. Ya pili, kwa kuwa kazi ilikwisha kupata mwenyewe, ikawa huru kubadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, hadi tunda bivu likajitenga na jani.

Nikanyoosha mkono. "Na mtu asiyeliona, mwalimu?"

"Nakala zile bado zinafanana mno. Wakati mwingine, mwili ukizipanga upya, moja hupotea. Mvulana huirithi hali hiyo kwa mama yake."

"Oya, kumbe humu mna ng'ombe!" mmoja akapaza sauti, darasa likaangua kicheko.

Sikujali. Sikuwa mzembe, basi. Na kama mwili uliweza kupata njia mpya kutokana na kitu kile kile ulichokuwa nacho, nami ningetafuta yangu.

Likizo ilipofika niliingia shambani kabla ya wote, nikafumba macho. Mbichi ni ngumu kama kokoto. Mbivu inabonyea, inateleza, inaachia kikonyo bila ugomvi. Nikachuma kwa kidole gumba, polepole, mgongo ukiwaka moto, hadi kapu likajaa.

"Mama, naomba umwage."

Akamwaga. Dada akapiga magoti, akapekua mpaka chini, akapata mbichi moja, akanirushia kichwani.

"Hii ya ng'ombe!" akasema, ila safari hii alikuwa anatabasamu.

Baba akaokota punje kutoka kwenye lundo, akafumba macho, akaibonyeza. Kisha akaokota nyingine.

"Safu yake ilikuwa ipi?" akamwuliza mama.

"Ile ya kule bondeni."

Nikabeba kapu tupu, nikashuka.