Nywele Nyekundu Kwenye Memori Kadi

Mtu akiniomba nimchagulie katuni ya Kijapani ya kuanzia, simjibu hapo hapo. Kwanza namuuliza ana subira kiasi gani. Asiye na subira nampa za mapigano, zile ambazo mtu anapigwa mpaka anapasua ukuta, kisha anainuka, anajikung'uta vumbi na kuanza kuhutubia. Mwenye subira nampa zile za polepole, za mtu aliyerithi duka la babu yake, mvua inanyesha mwanzo mpaka mwisho na hakuna kubwa linalotokea. Hizo ndizo nizipendazo mimi. Anayeniambia zinachosha simbishii, ila simchagulii tena.

Kwenye gemu, zile za Kijapani ambazo unamtengeneza mtu wako mwenyewe kabla ya kucheza, nina sharti moja tu. Chagua gemu inayokuruhusu kumbadilisha yule mtu baadaye. Ziko nyingi ambazo ukishampa sura, nywele na nguo, basi, utakuwa naye hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Hizo sizitaki, hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Vijana wa nyumbani wanasema shangazi yao ana masharti kama mganga. Wananicheka kwa sababu hawajui sharti hilo nililitoa wapi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba moja la mkonge, Korogwe. Shamba lilipobinafsishwa wafanyakazi walipunguzwa, naye akawemo. Wenzake walitumia kiinua mgongo kujenga, wengine kuoa, wengine kunywa. Yeye alinunua televisheni, deki ya CD, jenereta na mashine ya gemu, akatuhamishia Handeni kwa sababu Korogwe vibanda vya video vilishajaa kuzunguka stendi. Mama alimnunia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakagoma kunipeleka popote, nikawekwa kibandani.

Kilikuwa kibanda cha mabati chenye mabenchi, giza, na joto la kutosha kuumulia maandazi. Nilikaa karibu na televisheni nikiwa na fimbo ya kuonyeshea, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Kijapani sikujua hata salamu. Chini ya picha yalikuwepo maandishi ya Kichina, nayo yalinitazama tu kama nilivyoyatazama. Kwa hiyo nilisimulia nilichokiona. Mzee akikunja uso namtia kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, msichana akilia namfanya ameposwa asikotaka. Watu walinisifu kwamba Kijapani changu kimenyooka. Baba alijua ukweli akanyamaza, maana mabenchi yalijaa.

Yalijaa zaidi siku za mnada wa ng'ombe. Wafugaji walishuka na mifugo, wakauza, wakanywa chai, kisha morani, vijana wapiganaji miongoni mwao, wakaja kwetu. Wawili kati yao hawakukosa. Mmoja alikuwa mrefu, mkimya, mwenye nywele ndefu zilizosokotwa nyembamba nyembamba mpaka mgongoni, nyekundu kwa udongo na mafuta. Mwingine alikuwa mfupi mwenye mzaha, rika lake. Kwa desturi yao morani hali wala hanywi peke yake, lazima awe na mwenzake, kwa hiyo hata soda waliagiza pamoja na kuzinywa pamoja. Wanafunzi wa sekondari walisogea pembeni wakihofia mashati yao meupe yasije yakapakwa wekundu. Mimi niliwaambia asiyetaka kukaa nao akae nje na jua.

Katuni ya kwanza niliyowachagulia ilikuwa ya wapiganaji wa panga wenye nywele ndefu, wanaotembea njia za vumbi wawili wawili na kulala chini ya miti. Yule mrefu aliitazama bila kupepesa. Ilipokwisha akaniita.

"Dada, hawa ng'ombe wao wako wapi?"

"Hawana."

"Wameibiwa?"

Mkalimani hatakiwi kushindwa. Nikasema ndiyo, wameibiwa, ndiyo maana unawaona wanazunguka na panga. Akatikisa kichwa taratibu, na benchi lote likaguna kwa kuelewa. Tangu siku hiyo sikuwa na ujanja. Kila sehemu iliyofuata ilibidi niwatafute wale ng'ombe. Adui akitokea, ni mwizi. Moto ukionekana mlimani, ni wezi wanachoma nyama. Sehemu ya mwisho mpiganaji aliketi peke yake juu ya jiwe akiangalia bonde tupu, nami nikalazimika kusema kwamba huko bondeni, pale kamera isipofika, ng'ombe wote wamerudi wakiwa na ndama. Nadhani wapo watu Handeni wanaoamini hivyo mpaka leo. Nikiipitia sasa ile katuni, yenye maandishi ya lugha ninayoisoma, naiona imepungukiwa.

Gemu ilikuja baadaye. Wanafunzi walipenda ya mpira. Mimi nilikuwa na CD moja ya mapigano ya Kijapani ambayo hakuna aliyeijali, kwa sababu ilianza kwa kukutaka umtengeneze mtu: urefu, rangi, macho, nywele, mavazi, silaha. Maandishi yote ni ya huko huko, kwa hiyo tulijifunza kwa kubonyeza na kuona kinachotokea. Nilimpendekezea yule mrefu kwa sababu nilijua anapenda kutazama vitu kwa makini. Sikukosea. Alishika pedi ya kuchezea kama mtu aliyekabidhiwa yai, akaanza.

Rangi ya ngozi nyeusi kuliko zote ilikuwa ya chai ya maziwa. Mwenzake akacheka, akamwambia huyo mtu wako anaumwa.

"Atapata jua," akajibu, akaendelea.

Pua hazikuwepo za maana. Macho yote yalikuwa makubwa kama ya ndama. Lakini nywele zilikuwepo, ndefu mpaka kiunoni, na rangi nyekundu ilikuwepo, nyekundu hasa. Alipozipata akaacha kubonyeza. Kwenye silaha aliziruka panga zote akachukua fimbo, silaha dhaifu kuliko zote, na kila aliyecheza naye alimtandika. Hakujali. Muda wake mwingi aliutumia kwenye uwanja wa mazoezi, kwenye majani, akimtembeza tu yule mtu huku na huku ili nywele zicheze mgongoni. Wanafunzi walinung'unika kwamba anazuia mashine. Nilikuwa radhi wanung'unike.

Siku moja aliniuliza mashine ikizimwa yule mtu anakwenda wapi. Nikamwambia anapotea, na kila ukija unaanza upya, isipokuwa awekwe kwenye memori kadi. Akaiweka pedi chini. Mwenzake ndiye aliyeniambia kilichokuwa kinamsumbua. Rika lao lilikuwa limefikia wakati wa kunyolewa. Ikifika sherehe, nywele zinaondoka zote, umorani unakwisha, na wanaanza kuhesabiwa katika watu wazima. Alisema hayo kwa mzaha kama kawaida yake, lakini mkono wake ulikuwa unashika nywele zake mwenyewe.

Nililichukua jambo lile kama langu. Nilikuwa nimemwona baba akivuliwa alichokuwa. Alikwenda kazini asubuhi akiwa fundi, akarudi mchana akiwa hana jina la kuitwa, na hakuna aliyemuuliza wala aliyemwambia pole. Baada ya hapo kila alfajiri aliamka saa ileile ya king'ora cha shamba, akanawa, akakaa kitandani hana pa kwenda. Nilikuwa na hasira na dunia nzima kwa ajili yake. Nikasema huyu morani, wa pili baada ya baba, hawatamchukulia chake chote. Zikinyolewa za kichwani, za kwenye mashine zitabaki.

Kadi yetu ilikuwa imejaa ligi za mpira za wanafunzi. Nikasafiri mpaka Mombo, kwa rafiki wa baba mwenye kibanda kama chetu, ambaye tulikuwa tukibadilishana naye CD. Nilimchagulia za kuwapendeza abiria wanaosubiri magari ya Lushoto, naye akanipa kadi aliyokuwa haitumii. Mnada uliofuata yule mrefu akamtengeneza mtu wake tena, tukamhifadhi humo. Baba alipogundua kwamba kadi ile nzima ina mtu mmoja tu mwenye fimbo, hakufurahi.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "wateja wanataka kuhifadhi ligi zao."

"Wahifadhi kichwani."

"Hiki ni kibanda cha biashara."

"Basi nifukuze kazi, baba. Ukoo wetu umeshazoea."

Nilijua limemuuma. Aliniangalia, akatoka nje kushughulikia jenereta, na habari ya kadi hakuigusa tena. Wanafunzi walijaribu mara kwa mara kumfuta yule mtu, nikawa naivua kadi kila jioni na kulala nayo chini ya mto. Siku za mnada zilikuja zikapita bila wale morani kuonekana. Nikasikia kwa wachuuzi wa ng'ombe kwamba huko nyikani kuna sherehe kubwa. Nikawa nachomeka kadi mara moja moja, namtazama yule mtu amesimama kwenye majani na nywele zake, najisikia nimefanya la maana maishani.

Alikuja siku ambayo haikuwa ya mnada, mchana. Sikumtambua. Kichwa kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, masikio yamekuwa makubwa ghafla, shingo imerefuka. Alinisalimia, akaagiza soda, akainywa peke yake. Hapo nikajua kwamba imekwisha. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi, akasema amehamia upande wa Kilindi na ng'ombe wao.

"Pole kaka," nikamwambia. "Ila wako yupo. Nimemtunza."

Niliwanyang'anya wanafunzi pedi katikati ya mechi, nikachomeka kadi. Yule mtu akatokea kwenye majani yake, nywele nyekundu mpaka kiunoni, kama tulivyomwacha. Nilimgeukia nikitegemea furaha, na nakiri nilitegemea shukrani pia.

Alisogea mpaka karibu na kioo. Kisha akasema, "Mbona huyu hajanyolewa?"

"Huyu ni wa kwenye mashine, kaka. Hakui. Mwache nazo, uwe unakuja kuziona."

"Rika letu lote limenyolewa."

"Yeye hayumo kwenye rika."

"Nilimtengeneza mimi," alisema. "Yumo. Sasa abaki peke yake anazunguka na nywele? Wenzake wanaoa, wanakaa kwenye vikao, yeye bado yuko kwenye majani. Watamcheka."

Nilibishana naye. Nilimwambia kwamba watu duniani wangetoa chochote wapate pa kutunzia walichokuwa nacho, na yeye anapo. Nilimwambia sijawahi kumchagulia kitu kikawa kibaya, na ninachomchagulia sasa ni kwamba amwache. Nilizungumza sana, mpaka wanafunzi wakatulia kusikiliza. Alinisubiri nimalize. Ana adabu ya kusubiri, sijaiona kwa watu wengi.

"Yeyo alininyoa asubuhi," alisema. Yeyo ni mama yake, ndivyo wanavyowaita kwao. "Kwa maji na maziwa. Alilia. Mimi nililia kumzidi. Halafu nikasikia upepo kichwani, nikainuka."

Nikampa pedi. Hakuipokea, aliirudisha kifuani kwangu kwa viganja viwili.

"Mwanamume hajinyoi zile nywele, dada. Ananyolewa na mama yake. Huyu hana yeyo, ana wewe. Ndiyo maana nimekuja."

Nikafungua ukurasa wa nywele. Ilinibidi nizipite moja moja, za kufunga, za mawimbi, za kusimama kama miiba, mpaka nikafika kwenye kichwa kitupu, ambacho hakuna mteja aliyewahi kukichagua. Mashine ikaniuliza swali lake kwa Kijapani. Lile nililielewa, tulikuwa tumelijibu mara nyingi: una hakika? Yeye pembeni yangu aliinamisha kichwa kabisa, kama wanavyoinamisha wanaonyolewa, na mikono akaiweka magotini. Baba alikuwa amesimama mlangoni na galoni la petroli. Nilibonyeza ndiyo huku nalia, mbele ya benchi zima, na hakuna aliyecheka.