Jiko Lililoziba Mlango wa Nyuma

Nyumba yetu ya kijijini Ngao ilijengwa na babu wa mume wangu, seremala wa misheni enzi hizo, na watu wa ukoo wake wakiitaja huinua kidevu kidogo. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kujilaza dirishani na asianguke. Boriti zake za mikoko zilitoka Kipini kwa mtumbwi. Madirisha ni ya mbao, yenye vibao vya kupitisha hewa. Wageni wakija hupapasa kuta wakisema, jamani, mna bahati. Hao hawajalala humo. Hawajasikia popo wakipigana darini, wala hawajatoka na mtoto kwenye mvua kumpeleka choo cha nje.

Mimi nilitaka tuhamie Minjila. Nafundisha shule huko, na tuna kiwanja mahali palipoinuka, karibu na lami. Mume wangu aliniahidi nyumba hapo kabla hata hajaleta washenga kwetu. Tulikwisha kununua mabati, milango na fremu za madirisha, vyote vikapangwa barazani Ngao vikingoja siku yake. Kila asubuhi nilivipita nikienda kupanda bodaboda, na sioni haya kusema kwamba wakati mwingine nilivigusa.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, mume wangu alinivuta kando.

"Mama hataki kuhama," akasema. "Anasema ameolewa humu na atatolewa humu. Sasa tufanyeje, mama watoto? Tumwache mzee peke yake?"

Ungemjibu nini mtu wa hivyo? Akaongeza kwamba tutaitengeneza nyumba, tutaipanua, itakuwa na jiko la ndani, choo cha ndani, chumba cha watoto na tangi la maji. Alizungumza kwa upole, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikameza.

Kwa nini sikumwendea mama mkwe nikamuuliza mwenyewe? Kwa sababu katika familia hii mambo hayaendi hivyo. Mimi na yeye tulikuwa tukiongea kutwa, habari za samaki, za mchele, za nani kajifungua. Lakini neno zito, kama la nyumba au la shamba, mkwe hamwambii mkwe uso kwa uso. Hupitia kwa mwana, yeye ndiye anayelibeba kwenda na kurudi. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, na wifi zangu walisimamia nilishike.

Basi mabati yangu ya Minjila yakapanda juu ya jiko la Ngao. Fundi alitoka Malindi, mtu wa maneno mengi, akawa anazigonga kuta za babu na kulalamika kwamba zinamlia patasi. Milango yangu ikatiwa chumba cha watoto. Mume wangu aliniita kwa kila kitu: njoo uchague vigae, njoo uchague rangi, sinki unalitaka upande gani? Nilichagua vigae vya samawati. Nilikuwa kama mbuzi anayeletewa majani mabichi ili asikate kamba, na ubaya wake ni kwamba majani yenyewe yalikuwa matamu. Jiko lilipendeza. Nililichukia na nilikuwa nikilifuta vumbi kila jioni.

Mama mkwe alikaa barazani, mikono mapajani, akitazama vijiti vya jukwaa la ujenzi. "Jiko zuri, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Utapika bila moshi." Mimi nilisikia kejeli. Nilijiambia, huyu mzee ameshinda na sasa ananionyesha. Nilijibu, "Asante, mama," nikaenda kutwanga mahindi kwa hasira.

Jiko lilisimamishwa nyuma ya nyumba, na ili lipate ukuta mzima, mlango wa nyuma ulizibwa. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe linachekesha kwa watu wa mtoni. Mto Tana ukifura, maji huingia kwa mlango wa mbele upande wa mto, yanapita ndani, yanatokea nyuma na kushukia mashamba ya mpunga. Ndiyo maana babu aliiweka milango miwili ikitazamana na sakafu akaiinamisha kidogo kuelekea nyuma. Wazee hawakupigana na maji. Walifungua milango yote miwili, wakatundika vyombo kwenye boriti, wakayaacha yapite. Kila mtu pale uani alijua. Fundi alipouliza kama azibe, mume wangu alisema jiko limeinuliwa vya kutosha, maji hayatafika. Mama mkwe alitazama chini. Mimi nilinyamaza, maana ningefungua mdomo wangeona natafuta sababu ya kuhama.

Mvua zilipokuja, mto ulifura. Maji yaliingia kwetu asubuhi wakati watoto wanakunywa uji. Kwa majirani yalipita. Kwetu yaliukuta ukuta wa jiko yakatulia, kama mgeni asiyejua kuaga. Mume wangu aliwapakia watoto kwenye mtumbwi wa jirani, awapeleke kwa dada yangu Minjila, akasema atarudi kutuchukua. Mama mkwe nami tukakimbilia penye ukavu, na penye ukavu palikuwa mahali pamoja tu: jikoni.

Jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu, wa pembeni, wa kuingilia nyumbani kwa vipandio, na chini ya vipandio hivyo maji yalikuwa yanafika magotini. Dirisha lake lilikuwa na grili, ya kuzuia wezi. Tulikaa juu ya meza ya saruji kando ya sinki, miguu ikining'inia juu ya vigae vya samawati, tukiangalia viti vikielea sebuleni. Nilishika grili nikaitikisa, nayo haikutikisika, fundi wa Malindi alikuwa amefanya kazi yake.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, bila kunitazama. "Wewe unaipenda sana nyumba hii?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi, mama? Si wewe ndiye hutaki kuhama?"

Aligeuka polepole. "Mimi? Mimi nyumba hii nimechoka nayo tangu nizae humu mtoto wa kwanza. Kila mafuriko nabeba godoro kichwani. Nilimwambia mume wako, nipelekeni Minjila, nikae karibu na barabara, nione watu. Yeye akasema, 'Mke wangu hataki. Mke wangu ameipenda nyumba ya babu, anataka jiko humu.' Basi nikasema, kama mke amependa, mimi mzee nitamzuia?"

Nilicheka mpaka nikashindwa kupumua, kisha nikalia. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtu mmoja tu ndiye aliyeitaka nyumba ile, naye ndiye tuliyempa maneno yetu yote ayabebe. Nilimkasirikia mume wangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Tukakubaliana palepale: akirudi tutamwambia, wote wawili, mbele yake, na desturi ituwie radhi.

Alirudi alasiri, viatu vya mpira miguuni, akiyakata maji ya sebuleni huku anatabasamu.

"Nimeongea na fundi kwa simu," akasema. Akauwekea ukuta kiganja, akaupapasa kama wageni wanavyofanya. "Tutainua sakafu yote. Maji yakikauka tu, anaanza. Mtaona, nyinyi wawili mtaifurahia nyumba hii."

Nilimngoja mama mkwe aanze, kwa kuwa ndiye mkubwa. Naye akanitazama, akiningoja mimi, kwa kuwa ndimi mke. Mume wangu akanyoosha mikono kumteremsha mama yake kutoka mezani.

"Asante, baba," mama yake akasema, akamshika shingoni.

Nami nikausikia mdomo wangu ukiuliza kama fundi atakuja na saruji yake au tumnunulie.